Maji yakizidi yatapita wapi?

Swali: "Shikamoo mhandisi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi. Wazazi wameshachanga pesa za safari ya darasa la sita kwenda Nyumba ya Mungu, watoto 43, waone bwawa, wale samaki na ikiwezekana wapande boti. Sasa mzazi mmoja amekuja juu. Anasema bwawa lile limezeeka, masika likijaa litapasuka. Wakati huohuo kaka yangu analima vitunguu na mahindi huko Kirya, chini ya bwawa, naye anasema tangu lijengwe mafuriko yamebaki hadithi za wazee. Nani mkweli? Watoto niwapeleke au nisiwapeleke? Wanataka pia kutembea juu ya ukuta wa bwawa."

Marahaba, mwalimu. Wapeleke, ila isiwe mwezi wa nne, na mrudi kabla jioni haijaingia. Mzazi wako na kaka yako wamekosea wote wawili, na mimi kosa la kaka yako ndilo linaloniogopesha zaidi.

Nianze na mzazi. Umri wa bwawa peke yake si ugonjwa. Nyumba ya Mungu lilijengwa katikati ya miaka ya 1960, pale mto Ruvu unaotoka Ziwa Jipe unapokutana na Kikuletwa, unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, na kutoka hapo mto unaitwa Pangani. Ukuta wenyewe ni tuta lenye kimo cha mita 40 hivi. Tuta la namna hiyo likitunzwa linaweza kudumu kuliko wote walioajiriwa kulitunza. Kipindi kibaya kwa tuta ni utotoni, linapojazwa maji kwa mara ya kwanza. Bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, lilikuwa jipya kabisa, kimo chake zaidi ya mita 90, na ndiyo kwanza linajaa. Asubuhi ya Juni 5, 1976, mafundi waliona maji ya tope yakitoka upande wa chini wa tuta. Wakapeleka matingatinga mawili kuziba shimo, shimo likayameza. Saa sita mchana haijatimia, tuta likakatika. Watu 11 walikufa. Nyumba ya Mungu lilivuka mtihani huo zamani, likaja kuonja na mvua za El Nino za 1997 na 1998.

Lakini kuvuka mtihani si kinga ya maisha. Matuta ya udongo huuawa zaidi na mambo mawili: maji kupita juu yake, na maji kupenya ndani yake.

La kwanza ni rahisi kulielewa. Zege linaweza kuvumilia maji yakipita juu ya kichwa chake kwa muda. Udongo hauwezi. Maji yakishaanza kumwagika juu ya tuta yanachimba upande wa pili, yanachimba tena, na baada ya muda mfupi unabaki na mto badala ya bwawa. Kwa hiyo kila tuta la udongo linahitaji njia ya pembeni, iliyo chini kuliko kichwa cha tuta, ya kupitishia maji yaliyozidi. Sisi tunaiita utoro, na jina hilo nalipenda kwa sababu ndivyo ilivyo: maji yanatoroka kabla hayajafanya uharibifu. Ukifika kwenye bwawa lolote, kubwa au dogo, usiulize kama litapasuka. Uliza maji yakizidi yatapita wapi, kisha nenda ukapaone kwa macho. Ukikuta mtu amepanda mahindi kwenye utoro, au amejenga zizi, au mchanga na magogo yamejaa hadi magotini, hapo una haki ya kuogopa.

Na kwa kuwa safari yenu ni ya kutembea na kula samaki, nikueleze kisa ambacho mhandisi wa mabwawa hawezi kukisahau. Huko Pennsylvania, Marekani, katika karne ya 19 palikuwa na bwawa la South Fork. Matajiri wa Pittsburgh walilinunua wakalifanya mahali pa starehe: mashua, nyumba za mapumziko, uvuvi. Mabomba ya kupunguzia maji chini ya tuta yalikuwa yamekwisha kung'olewa na hayakurudishwa. Kichwa cha tuta kilishushwa kidogo ili magari ya farasi yapishane. Samaki waliopandikizwa walikuwa wa gharama, basi wakaweka nyavu za chuma mdomoni mwa utoro ili wasitoroke. Unaona inapoelekea. Mei 31, 1889 mvua kubwa ilinyesha, takataka zikanasa kwenye nyavu, maji yakakosa njia yakapanda juu ya tuta. Mji wa Johnstown ulikuwa kilomita zaidi ya 20 chini ya hapo. Walikufa watu zaidi ya 2,200. Nyavu ziliwekwa kuokoa samaki, watu wakaenda na maji.

Jambo la pili, maji kupenya ndani, lina hila zaidi. Kila tuta la udongo linavuja. Nakuambia mapema ili mzazi wako asije akaona unyevu chini ya ukuta akapiga mayowe. Mvujo huo unatarajiwa, na matuta makubwa yana mifereji ya kuukusanya na kuupima. Kinachotazamwa ni rangi na kiasi. Maji maangavu yanayotoka kwa kiwango kilekile kila mwezi hayana neno. Maji yenye tope yanasema kwamba tuta linaliwa kutoka ndani, punje kwa punje. Nao walaji wengine ni wa kwetu kabisa. Mchwa wanachimba njia ndani ya tuta. Mti unaota, watu wanaufurahia kivuli chake, unakatwa, mizizi inaoza na kuacha bomba la bure katikati ya udongo.

Sasa nitoke nje ya swali lako kidogo, nitarudi. Nyumba ya Mungu halininyimi usingizi. Lina walinzi, lina vipimo, lipo mikononi mwa TANESCO, na maji yake yanasimamiwa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani ambayo ofisi yake ipo hapahapa Moshi. Ninachokihofia ni malambo ya mifugo na mabwawa ya umwagiliaji ya mashambani, yaliyotapakaa kati ya Arusha na Moshi, ambayo mengine yalisukumwa na katapila kwa siku tatu. Niliwahi kuitwa kwenye shamba moja upande wa Arusha kuangalia "maji kidogo" chini ya lambo. Nikakuta tuta lina kichuguu kirefu kunizidi, ng'ombe wamekanyaga kichwa cha tuta hadi kimezama katikati, na utoro umezibwa kwa viroba vya mchanga ili lambo libebe maji mengi zaidi kiangazi. Chini yake, hatua mia mbili, palikuwa na nyumba za vibarua. Nilipouliza maji yakizidi yatapita wapi, msimamizi akanijibu, "Hayajawahi kuzidi." Tulikata viroba siku ileile, mwenye shamba akaninunia hadi leo.

Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Lambo linaloonekana dogo kwa mwenye shamba ni bahari kwa anayelala chini yake. Usiku wa Mei 9, 2018, huko Solai, Nakuru, bwawa la udongo la shamba binafsi lilikatika baada ya mvua nyingi na kusomba nyumba na watu wasiopungua 47. Hapa kwetu tunayo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 na kanuni za usalama wa mabwawa za mwaka 2013. Huwezi kuchimba lambo kubwa kienyeji bila kibali. Lakini kibali hakifukuzi mchwa. Kama kuna lambo juu ya shule yako au juu ya nyumbani kwa mzazi yule, ndilo aende akalitazame kwanza.

Haya, kaka yako wa Kirya.

Anasema mafuriko yamebaki hadithi. Ni kweli kwamba bwawa limeyapunguza. Mabwawa ya asili ya Kirua, yale majani na matete yaliyokuwa yakifurika chini huko, yamesinyaa tangu tuta lilipojengwa, na watu wakayafuata maji yalivyorudi nyuma, wakalima, wakajenga. Udongo ule ni mzuri kwa sababu mafuriko ndiyo yaliuleta. Lakini bwawa humeza mafuriko madogo, na makubwa huyachelewesha na kuyapunguza makali. Halikuahidi kuyafuta. Na kadiri linavyomeza madogo mwaka hadi mwaka, ndivyo watu wanavyojenga karibu na mto, hadi lile kubwa linapokuja linakuta vijiji mahali ambapo zamani lingekuta viboko.

Fanya hesabu hii na wanafunzi wako. Chukua ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 100 (Nyumba ya Mungu likijaa linazidi hapo). Kila sentimita 1 linayopanda ni mita za ujazo milioni 1, yaani simtanki milioni 1 za lita 1,000. Mito ikiingiza mita za ujazo 300 kwa sekunde, kwa siku moja ni karibu milioni 26, kwa hiyo ziwa linapanda sentimita 26. Kama palikuwa na nafasi ya mita 1 kabla ya kufika kwenye utoro, umepata siku nne za kujiandaa. Siku ya tano, kila kinachoingia kinatafuta kutoka, na kinatoka kuelekea kwa kaka yako. Bwawa lililojaa kabla ya masika halina nafasi hata ya siku moja.

Kwa nini basi lisiachwe nusu tupu kila mwaka? Hapo ndipo siasa yote ya bwawa ilipo. Mtu wa mafuriko analitaka tupu kabla mvua hazijaanza. Kila mtu mwingine analitaka lijae. Mitambo ya pale ni megawati 8 tu, lakini maji yakitoka hapo yanakwenda kuzungusha ya Hale, megawati 21, na ya New Pangani Falls, megawati 68. Wakulima wanayataka kiangazi. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe unachota humohumo. Wavuvi wanataka maji ya kuzalia perege. Kwa hiyo anayefungua na kufunga lazima abahatishe kwa busara: akifungua mapema mvua zikakosekana, atalaumiwa kwa kiangazi, akichelewa mvua zikazidi, atalaumiwa kwa mafuriko. Mimi simwonei wivu.

Kitu kingine ambacho watu wa Kirya wanadanganyika nacho ni anga. Ukanda ule ni mkavu, jua kali, mbuyu na michongoma. Mvua inayolijaza bwawa hainyeshi pale. Inanyesha Kibosho, Marangu, Machame, kwenye miteremko ya Meru. Mtu anaweza kusimama Lang'ata anapiga kofi vumbi la suruali, huku Kilimanjaro imefunikwa siku ya tatu na mito yote inashuka. Mwambie kaka yako asitazame mawingu ya Kirya. Atazame mlima, na asikilize taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa za mikoa ya Kilimanjaro na Arusha. Kisha amwombe mwenyekiti wa kitongoji namba yake iwe kwenye orodha ya wanaopewa taarifa maji yanapotaka kufunguliwa. Kama orodha hiyo haipo, yeye ndiye aianzishe. Mwezi wa tatu hadi wa tano asilale shambani kulinda pampu. Pampu inunuliwe upya, yeye hapatikani dukani. Ghala la vitunguu liwe kwenye mwinuko. Na kama amelima hadi ukingoni, sheria ya mazingira inataka mita 60 kutoka kwenye mto. Najua hataipenda hiyo, wengi hawaipendi, lakini mita hizo 60 ndizo mto unazozitumia unapopumua.

Sasa safari. Hofu ya mzazi iko kwenye ukuta kupasuka. Hatari halisi ya siku hiyo, kwa mpangilio wangu mimi, ni barabara, kisha boti, kisha mtoto anayeingia majini kuosha miguu.

Barabara kwanza, kwa sababu tumeshazika. Aprili 2024, jijini Arusha, gari la shule lilisombwa na maji ya korongo na watoto wakafa. Maji yanayofika magotini yakiwa na kasi yanatosha kuondoka na gari dogo, na huwezi kujua kama chini yake barabara bado ipo. Dereva wako akisema "haya maji ya kawaida, mwalimu", wewe ndiye mwenye mamlaka ya kusema tunasubiri. Lisemeni hilo mbele ya dereva siku mnayolipa, si siku mnayofika korongoni. Ndiyo sababu nimekataa mwezi wa nne. Nendeni Septemba au mapema Oktoba, vuli haijaanza.

Boti. Mitumbwi ya wavuvi pale ni ya kazi, haikutengenezwa kubeba darasa. Asubuhi ziwa linalala kama kioo, mchana upepo unaingia na ziwa lile ni pana, mawimbi yanapata mahali pa kukua. Kama ni lazima wapande, iwe kabla ya saa 4 asubuhi, karibu na ukingo, wachache kwa zamu, na kila mtoto avae jaketi okozi la saizi yake. Saizi yake, mwalimu. Jaketi la mtu mzima, mtoto huchomoka ndani yake kama ndizi kwenye ganda. Jaketi za watoto zikiwa sita, watoto majini ni sita, na mwalimu avae la saba. Kama hakuna jaketi, hakuna boti, waimbe ufukweni. Namba ya Zimamoto ni 114, lakini usiitegemee kama kinga: mtu anazama kwa dakika chache, gari linatoka mbali.

Kuogelea hapana. Si kwa sababu ya mamba na viboko peke yao, ingawa wapo. Ukingo wa ziwa la asili umesuguliwa na maji palepale kwa maelfu ya miaka. Ukingo wa bwawa unahama. Mahali mbuzi walipolishwa mwezi uliopita leo pana kina cha mita mbili, na chini yake kuna visiki, mashimo, na mkondo wa zamani wa mto ambao haukufutika kwa kufunikwa. Maji yakirudi nyuma yanaacha tope linaloonekana kavu juu na kumeza mguu hadi pajani. Ongeza kichocho kwenye vina vifupi vyenye majani na konokono. Na chini ya ukuta, mtoni, ndipo pasipofaa kabisa pa kutandika mikeka, hata kama kuna kivuli kizuri na samaki wanaruka. Mtambo ukiwashwa au mlango ukifunguliwa, mto unapanda bila mvua na bila wingu.

Kama wazazi wanataka watoto waguse maji, Ziwa Duluti pale Tengeru lina msitu, lina watu wa mitumbwi wanaoongoza wageni, na halina ukuta wa kuogopwa, ila nalo ni la kreta, kingo zake zinatumbukia haraka. Au wapitishe Chemka, kwa somo la jiografia tu: maji yale ya bluu yanaingia Kikuletwa, na Kikuletwa unaingia Nyumba ya Mungu. Watakuwa wameona maji yaleyale mara mbili.

Kutembea juu ya tuta kunahitaji ruhusa. Andika barua kwa TANESCO, kituo cha Nyumba ya Mungu, wiki mbili kabla, ukitaja idadi ya watoto, na uliza kuhusu picha, maana ni eneo la mitambo. Ukikubaliwa, muombe mlinzi awaonyeshe ubao wa kupimia kina, waandike namba. Wautafute utoro wenyewe, bila kusaidiwa, na atakayeuona wa kwanza achore maji yatakavyopita. Bebeni na chupa moja ya plastiki angavu. Mlinzi akikubali, wajaze maji ya mfereji ulio chini ya tuta, waiinue juani, waone kama yana tope. Yakiwa na tope, mwambieni yeye kwanza, kabla hamjanipigia mimi.